Sale Lenye Fundo

Wapo watu ambao kwao kuuliza ni aibu kama kuvuliwa nguo sokoni. Mzee Sefania wa Mlalo alikuwa mmoja wao, tena kiongozi wao. Akipotea njia, aliendelea kutembea. Akiletewa dawa ya mahindi, hakuuliza kipimo. Alinyunyiza kwa kukisia, na mahindi yakaungua. "Mtu mzima haulizi," alipenda kusema, "huuliza mtoto." Methali isemayo kuuliza si ujinga aliijua vizuri sana, ila aliona ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, Loveness, muuguzi huko Rangwi. Loveness alikuwa amempata mchumba, Edgar, mwalimu kijana aliyehamia Mlalo kutoka Machame. Edgar alikuwa mpole na mchapakazi, lakini alikosea hatua ya kwanza. Alikwenda mwenyewe kumwomba binti, bila mshenga. Lo! Mzee Sefania aliona amedharauliwa ndani ya nyumba yake.

"Binti yangu si kabichi, mtu aingie shambani ajichagulie!" alifoka, akamfukuza.

Loveness alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. "Mama," alimwambia Bi Esteria, "sitamvunjia baba heshima. Akimkataa tena, basi. Lakini mwingine sitaki." Bi Esteria alimjua mwanawe. Hakuwa mtu wa kutamka jambo kwa mzaha.

Jumapili iliyofuata Edgar alivaa suti yake, akakata chipukizi la sale, ule mmea wa majani marefu usiokauka upesi ukichomekwa ardhini, akalifunga jani lake fundo kama wafanyavyo wazee wa kwao, akaelekea kwa Mzee Sefania. Alikuta mlango umefungwa. Wenyeji walikuwa kanisani. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, naye akaogopa jani lisije likanyauka. Akalichomeka kwenye udongo mbichi pembeni mwa shamba, karibu na njia ya kuingilia, kisha akavuka kwenda kwa jirani, Hamisi mkulima wa karoti, kungoja. Hamisi alimkaribisha barazani, akampa chai, wakazungumza habari za mvua. Kuhusu lile jani Edgar hakusema kitu, wala hakuuliza kitu.

Basi jueni kwamba katika milima ya Mlalo sale ni mpaka. Linaposimama sale, ndipo shamba la mtu linapokoma na la mwingine linapoanza. Mwaka juzi tu binamu yake Mzee Sefania alihamisha masale akameza kipande kizima cha shamba, na kesi ile ilimwachia mzee donda ambalo bado lilikuwa bichi.

Mzee alipotoka kanisani na kuliona lile sale, alisimama ghafla hata Biblia ikamponyoka. Akatupa macho ng'ambo, akamwona Edgar ameketi barazani kwa Hamisi.

"Mama Loveness! Njoo uone! Nimemnyima binti, sasa anajikatia shamba!" Akainama, akaliona fundo, sauti ikabadilika. "Na hili fundo? Huyu amemfunga mtoto wetu asizae!"

"Baba Loveness, muulize kwanza," alisihi Bi Esteria.

"Nimuulize nini? Sale ni sale! Nimezaliwa nayakuta, nitazikwa nayaacha!"

"Muulize tu, baba. Mdomo haulipiwi ushuru."

Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Aliling'oa lile sale kwa mkono wa kushoto, akaingia ndani akachomoa panga darini kwa mkono wa kulia, akaanza kuteremka kwenda kwa Hamisi. Bi Esteria alimfuata mbio, kanga ikimdondoka, akilia na kuomba Mungu kwa Kishambaa. Aliona harusi ya mwanawe inageuka matanga.

Sasa tazameni maajabu. Edgar alipomwona mzee anakuja na sale mkononi, moyo wake uliruka kwa furaha. Kwao, mzee akilishika sale uliloleta, amekusamehe. Panga hakulitilia maanani. Nani asiyetembea na panga milimani? Akashuka barazani huku akitabasamu, akainamisha kichwa mbele ya mzee.

"Unanicheka?" Mzee Sefania alinguruma. Panga likapanda juu. Hamisi aliganda na birika mkononi, chai ikimwagikia miguu yake.

"Asante sana, baba," alisema Edgar, kichwa bado chini.

Asante? Mzee Sefania alikuwa ametukanwa maishani, amekimbiwa, ameombwa radhi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulishukuru panga lake. Kulikuwa na neno lililomkwama kooni, neno ambalo hakuwahi kulitoa mbele za watu tangu apate ndevu. Alimtazama mkewe. Kisha likatoka, dogo na la kukwaruza:

"Kijana... hili jani, kwenu ni nini?"

Edgar akainua kichwa. Ndipo alipoliona panga lilipo, akakaa chini na suti yake.

"Ni msamaha, baba," alisema kwa shida. "Hata kwetu sale tunalipanda mipakani. Lakini likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, maana yake nimekosa, nisamehe. Sikuwakuta, nikalichomeka lisinyauke."

"Lahaula!" Hamisi alipata sauti. "Mimi nimeuza karoti Same, Moshi mpaka Arusha. Neno lile lile, ukivuka mlima, linasema jambo jingine. Kumbe na majani nayo!"

Panga lilianguka. Mzee Sefania aliketi pale pale kando ya Edgar, jasho likimtiririka.

"Na wewe mwalimu, kwa nini hukuuliza sisi tunaombaje radhi?"

"Niliogopa mtaniona mjinga, baba."

Mzee alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko kilichochanganyika na machozi. "Basi tulikuwa wajinga wawili," alisema, "na mmoja ana panga!"

Wiki iliyofuata Hamisi ndiye aliyekuja kama mshenga, na Loveness akaolewa. Lile sale Mzee Sefania alilipanda mwenyewe mbele ya mlango wake. Hadi leo wapita njia hushangaa. "Shikamoo mzee. Mbona mpaka umefika mlangoni?" Naye huwavutia kigoda, huku akisema, "Marahaba. Keti nikueleze, umefanya vizuri kuuliza." Kweli wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.