Kichupa Kilichooshwa

Akina mama wenzangu, sogeeni mbele kidogo, na wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango wapate upepo. Sitawachelewesha. Najua kila mmoja wetu ana chungu kinamngoja nyumbani.

Alikuwepo mwanamke mmoja katika mji kama huu wetu, na alichokipenda ni chupa za marashi. Si marashi, chupa. Zile za zamani, za bibi zetu, za kioo kizito chenye nakshi, kizibo nacho cha kioo. Akisikia nyumba ya zamani inabomolewa, yuko mlangoni. Akisikia bibi fulani amehamia kwa mwanawe, keshafika kuuliza kabatini kumebaki nini. Mumewe alimtengenezea kabati la vioo sebuleni, na jua likiingia dirishani chupa ziliwaka rangi mpaka watoto wa mtaani wakaja kuchungulia.

Jirani yake alimtania. "Shoga, nyumba nzima chupa za marashi, na tone la marashi huna! Akija mgeni utamrashia nini, upepo?"

"Hasidi mkubwa we," akamjibu. "Wewe tazama zinavyong'aa tu."

Na kweli ziling'aa, kwa sababu kila chupa iliyoingia mle ndani aliitia siki na punje za mchele, akaitikisa, akaisuuza kwa maji ya moto mpaka ikatakata.

Siku moja akafariki mama mmoja wa mtaa wa pili. Nguo zake, kama tunavyofanya, zikafuliwa zikatolewa sadaka. Chumba kikapakwa chokaa. Wifi ya marehemu alipokuwa akipangua kabati akakuta kichupa cha buluu, chini kimeganda mafuta mekundu kidogo. Akamkumbuka yule mpenda chupa, akampelekea.

Marehemu aliacha binti mmoja, anasoma shule ya bweni mkoa wa mbali. Binti alikuja mazishini, akarudi shule. Likizo ilipofika, akapiga hodi kwa yule mwanamke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mbona umesimama?"

"Shangazi ameniambia kichupa cha mama kiko kwako."

Mwanamke akageuka kulitazama kabati. "Alinipa kwa mkono wake, mwanangu, mimi sikuomba."

"Sikuja kukichukua," binti akasema. "Nataka kukinusa tu. Nguo zake zote zilifuliwa. Nikilala najaribu kukumbuka alivyokuwa akinukia, na siku hizi sipati vizuri."

Wengine wenu mmeshafika ninakoelekea, nawaona mnavyoinamisha vichwa.

Mwanamke akafungua kabati, akatoa kile kichupa, akampa. Binti akang'oa kizibo, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Siki," akasema.

"Nilikiosha, mwanangu. Kilikuwa kichafu."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Binti hakupiga kelele. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema polepole, "Haidhuru. Basi wewe ndiye wa mwisho kumsikia mama yangu. Ulipokifungua ulisikia nini? Asumini? Karafuu? Niambie tu, huenda nikakumbuka."

Mwanamke akakitazama kichupa. Rangi ya kioo aliijua. Ufa mdogo ubavuni aliujua. Akaitafuta harufu kichwani mwake, haimo.

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilikuwa natazama."

Binti akakaa chini. "Basi nimechelewa."

Mwanamke akakaa naye palepale sakafuni, akamvutia kifuani. "Hukuchelewa, mwanangu. Mimi ndiye niliyewahi."

Sasa msiwe wepesi wa kumlaumu. Hakuiba, hakumtukana mtu. Aliosha chombo kichafu, na nani kati yetu asingekiosha? Ndiyo maana nimemleta kwenu. Kosa lake ni kosa la watu wasafi, na sisi ni watu wasafi.

Harufu hatuioni, tunaisikia. Ndivyo tunavyosema tangu tulipojua kusema. Na mtu naye yuko hivyohivyo, sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Tunamwita Mola wetu Mwenye Kusikia, halafu sisi waja wake tumekuwa watazamaji. Mtoto akirudi shule tunatazama kola ya shati. Mume akiingia tunatazama mkononi ana nini. Mama mzee tunatazama kama shuka limelowa, tunalibadilisha haraka haraka, tunatoka tukijihesabia thawabu, na yeye tumemwacha katikati ya maneno.

Sisemi tuache kufua. Mimi mwenyewe nikitoka hapa nina beseni limejaa, na hakuna malaika atakayenifulia. Nasema tusianze na kufua. Aliye hai bado anasikika, lakini anasikika na aliyekaa karibu. Leo mama yako akianza kile kisa chake ambacho umekisikia mpaka umekichoka, shuka liweke chini. Kaa hapo kitandani, umguse bega, mpaka amalize.