Kwa Nini Mtarakwa wa Mlangoni Haurefuki

Wapo watakaowasimulia kisa hiki vinginevyo. Waacheni, wamekiokota njiani. Kilivyokuwa ni hivi.

Zamani, katika milima ya Taita, mitarakwa yote ilikuwa mirefu. Ulipanda mche asubuhi, adhuhuri ukapita paa, na kabla jua halijatua kilele kikatoboa mawingu. Juu ya mawingu hayo alikaa Baridi, naye hakuwa na ngazi nyingine ila mti huo. Akiupata karibu na nyumba hushuka nao polepole, kucha zikikwaruza gome, na mtoto wa nyumba hiyo haamki tena. Ndiyo maana mitarakwa iliachiwa msitu.

Wakesho aliolewa kutoka nyikani, wasikomjua Baridi. Siku moja aliona msituni mche wa kijani kibichi, akaung'oa, akaupanda mlangoni ukinge upepo. Mama mkwe wake, Mkamburi, alipotoka kisimani aliukuta umefika kiunoni, na bado unapanda.

"We Wakesho! Umemjengea nani ngazi?"

Walichukua panga. Kila tawi lililoanguka, yalichipua mawili. Ukungu ukateremka, mchana ukawa kiza, na Mghoi, mtoto wa Wakesho aliyekuwa mgongoni mwake, akaanza kutetemeka. Kisha sauti ikatoka juu, ya upole kama ya shangazi:

"Wakesho, mwana amefika wapi? Nimkatie sanda ya kumtosha."

"Ni Baridi," Mkamburi alinong'ona. Asipojibu, Baridi atashuka apime mwenyewe. Wakesho akanyanyua mkono, na kwa woga akasahau adabu tuliyofunzwa sote: mtu hupimwa kwa kiganja kilichosimama, vidole juu, apate nafasi ya kukua. Kiganja cha kulaza ni cha mbuzi na magunia. Yeye akakilaza, juu ya ncha ya mti, ambao sasa ulimfika kifuani.

"Amefika hapa!"

"Mama wee! Unampima mtu kama mbuzi?" Mkamburi alipiga ukelele.

Lakini kilichokuwa chini ya kiganja ni mti. Ukasukuma, ukashindwa, ukajikunja, ukanenepa ubavuni. Huko juu Baridi alikwisha kushusha mguu. Akakanyaga hewa. Walimsikia akianguka mbali, nyuma ya vilima, na mtoto akaacha kutetemeka.

Na tangu siku hiyo mtarakwa wa mlangoni ni mfupi; na kwa kuwa haukui, hauzeeki, ndipo majani yake hayageuki rangi. Watu huupanda, lakini kila wakiupunguza ubavuni hulaza kiganja juu yake kwanza. Usiseme ni ushamba. Ukungu ukishuka, simama mlangoni utazame: huja mpaka nchani, ukapapasa, ukapapasa, ukitafuta pa kuweka mguu.