Konokono wa Chemchemi ya Ikumbilo

Msome hii, kisha muwapelekee wote wenye shahada ukutani. Wao ndio hasa wanaohusika.

Mtawala mmoja alitandaza mabomba, akitaka kugeuza maji ya chemchemi ya Ikumbilo yaende kwenye shamba lake la maua. Watu wa Ikumbilo hawakuwa na maji mengine. Wakamkimbilia binti yao, Dokta Atupele, aliyesomea vijidudu na konokono wa maji baridi.

Atupele akajua pa kushika. Chemchemi yenyewe haikuzidi upana wa jiko, na kwenye mawe yake waliishi konokono wadogo kama punje za ulezi. Akamwambia mtawala kwamba hao hawapatikani kwingine, na sheria inakataza kuwakaushia maji.

"Mbona sawasawa na wa bwawani kwangu?" mtawala akauliza. "Lete uthibitisho, nami nitang'oa mabomba."

Kweli, kwa gamba walifanana. Atupele akajaza kopo, akawatia kwenye dawa ile ya kuhifadhia maiti, kama walimu wake walivyomzoesha. Akawapasua chini ya hadubini, akatazama meno ya ulimini na viungo vya uzazi. Tofauti ilikuwepo.

"Meno huchakaa," wakasema wataalamu wa mtawala. "Tunataka vinasaba."

Vinasaba! Dawa ile ilishaviharibu vyote. Akarudi na kopo jingine, safari hii na spiriti.

Shangazi yake, Sekela, alikuwa akiteka maji.

"We Atu, bado tu? Mbona unawachuma kama mboga?"

"Shangazi, nikikosea watanicheka."

"Basi wakucheke, sisi tunywe."

Hakusikia, msomi yule. Majibu ya kwanza yalikuwa mazuri; yeye akataka ya kukata maneno. Akarudi tena na tena, akabandua hata waliojificha kwenye mizizi. Aliona wanaadimika. Akajiambia watazaliana.

Mwishowe karatasi ya utafiti ikatoka: konokono hawa ni aina ya peke yao. Hakuna aliyebisha. Ikumbilo wakapiga vigelegele, wakachinja mbuzi.

Mtawala akaja mwenyewe, mpole kabisa. "Dokta, umeshinda. Nionyeshe mmoja tu, niamuru mabomba yaondoke."

Atupele akapiga magoti majini. Akageuza jiwe. Akageuza yote. Akazamisha mkono hadi kwapani, akatoka na tope.

"Wako maabara," akasema.

"Wazima?"

Atupele akafuta tope mkononi.

"Basi nimlinde nani?"

Wiki ile ile maji yakageuzwa, watu wakahama. Ikumbilo pamebaki kuta zisizo na mabati. Sekela anaishi kwa mkwewe, anaomba hata maji ya kunawa. Konokono wamepewa jina la kisomi, refu kuliko miili yao, na hakuna hata mmoja wa kuitwa kwa jina hilo.

Funzo: Anayekudai uthibitisho usiokwisha hataki kujua, anataka uishiwe. Usimsaidie kwa kumpa kile kile unachokilinda.