Bei ya Undugu

Marehemu baba yao aliwaachia nyumba mbili zilizoshikana ukuta mjini Chake Chake: moja ya Makame, tajiri wa karafuu, na moja ya dada yake, Bi Mwanakombo. Makame aliposikia dada anauza yake ahamie kwa bintiye Wete, alimkataza hata kumwita dalali.

"Nyumba ya baba iende kwa mgeni na mimi nipo? Niuzie mimi, kwa bei ya undugu." Akataja bei isiyotosha kununua hata mabati ya paa.

Bi Mwanakombo hakubisha. Alipika biriani, akauita ukoo mzima barazani. Watu waliposhiba, akauliza, "Kaka, bei uliyonitajia ni ya haki?"

"Haki tupu! Anayemdai nduguye zaidi ya hapo hana utu."

"Na nyumba zetu hizi zinapishana?"

"Hata tofali moja!" alijibu Makame, huku akijilamba biriani vidoleni.

Bi Mwanakombo akafungua pindo la kanga, akatoa akiba yake, akaiweka mkekani.

"Basi siuzi tena, nanunua. Bei yako hii hapa, kaka. Nipe funguo za kwako."

Baraza zima liliangua kicheko. Mjomba mkubwa akasema, "Haya, Makame, toa funguo."

Makame alikohoa, akasema huenda bei ile aliitaja kwa haraka. Jioni alilipa bei kamili ya mjini, na Bi Mwanakombo akapanda gari ya Wete, kaka mtu akimbebea mizigo.