Ngoma ya Bi Pimbi na Pigo Jepesi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla Kifaru hajajua aibu, Bi Pimbi alikuwa anamwoza bintiye Siwatu. Pilau lilikuwa jikoni, hina imekwisha kukauka. Kilichokosekana ni ngoma, maana Kifaru na Nyati walikuwa wameichukua asubuhi ile ile, mlangoni mwa mwenyewe.

"Ngoma kubwa hupigwa na wakubwa," alisema Kifaru. "Wewe hata ukingo wake huufikii."

Ngoma ile aliichonga mamake Bi Pimbi. Na kwa akina pimbi, bibi harusi hatoki ndani mpaka asikie ngoma ya kwao. Mimi hata leo nikisimulia habari hii damu inanichemka.

Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akashuka majabalini. Toka mbali alisikia du! du! du! du! Kifaru anapiga, Nyati anapiga, kila mmoja kwa nguvu zake zote. Nyani alijaribu kucheza, akakanyaga mkia wake mwenyewe, akaenda zake.

"Shikamooni. Mbona hakuna anayecheza?"

"Hawajui kucheza," akajibu Nyati.

"Wanajua sana. Nyinyi ndio hamjui kupiga."

Hasira ilimponyoka. Kifaru akakunja uso. Bi Pimbi akameza mate, akalainisha sauti.

"Nisameheni, wakubwa. Hii ni ngoma ya mapigo mawili. Mmewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja? Huyu akishusha mchi, yule anapandisha. Na hapa ni vivyo hivyo. Du ni pigo zito, mguu unakanyaga. Ka ni pigo jepesi, mguu unanyanyuka. Nyinyi mnapiga du tupu. Mguu utanyanyuka saa ngapi?"

Akawachezea: du-ka, du-ka, du-ka. Hata Nyati akajikuta anatikisa kichwa.

"Basi mmoja apige du, mwenzake apige ka," akasema Bi Pimbi taratibu. "Du ni la mkubwa. Sasa kati yenu, mdogo ni nani?"

"Si mimi," akasema Nyati.

"Kwa hiyo ni mimi?" akauliza Kifaru.

"Sijasema. Lakini hujioni?"

Kifaru akarudi nyuma hatua kumi. Nyati naye akarudi kumi. Wakajitupa, paa! Pembe zikanasana, vumbi likatanda. Bi Pimbi akailaza ngoma ubavu, akaibiringisha, biri biri biri, hadi ndani ya ufa wa majabali, mahali ambapo pembe ya mtu haipiti.

Walipofika jioni, mapaji yamevimba, Siwatu alikuwa ameshatoka na uwanja mzima kule ndani ya ufa unacheza. Bi Pimbi amesimama juu ya jiwe, mkono wa kulia du, wa kushoto ka.

"Mwizi wewe!" akafoka Kifaru kule nje.

"Mwizi wa ngoma ya mamangu?" Bi Pimbi hakuacha kupiga. "Mikono yangu ni miwili na haijawahi kugombana. Lakini imechoka. Anayetaka kupiga ka aseme, nimpe nafasi."

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akatazama chini. Wakabaki wamesimama pale nje mpaka harusi ikaisha.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayeona haya kupiga pigo jepesi, huyo hana ngoma.