Kwa Nini Nyumba za Cwm Brwyn Zina Ukuta Mfupi Katikati

Enzi hizo milima ya Welisi ilikuwa na mawe mengi na watu wachache. Katika kitongoji cha Cwm Brwyn, kila mtu alijenga nyumba yake huku na zizi la ng'ombe kule mbali, kwa kuwa waliamini pumzi ya ng'ombe ikiingia ndani huharibu siagi. Baridi ilipokaribia, wote waliteremka bondeni na mifugo yao.

Mwaka mmoja mjane aitwaye Mared hakuteremka. Ng'ombe wake pekee, Seren, alikuwa na mimba nzito, asingeweza safari ile.

"Utakaa na nani huku?" aliuliza jirani yake Ifan.

"Na Seren."

"Haya, mwambie asizidishe chumvi kwenye mchuzi."

Wakacheka, wakaondoka.

Theluji ilianguka ikafunika njia ya zizini. Ng'ombe alipolia kule, Mared aliitikia huku, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote. Kisha asubuhi moja aliita, asijibiwe.

Alichimba theluji kwa sufuria mpaka zizini. Seren alikuwa amelala, masikio ya baridi, lakini anapumua. Mared aliogopa kupoteza siagi, maana ndiyo iliyomlisha. Aliogopa zaidi kubaki peke yake. Alibomoa mawe ya kando ya mlango wake ili upanuke, akamsihi Seren mpaka akasimama, akamwingiza ndani. Katikati ya nyumba akapanga ukuta wa mawe kuzuia cheche za moto zisifikie majani makavu aliyomtandikia Seren. Ulipofika kifuani aliacha, ili aendelee kumsikia. Ndama akazaliwa humo.

Theluji ilipoyeyuka, Ifan alipanda na sepetu begani.

"Kumbe u hai! Nilikuja kukuzika."

"Basi hiyo sepetu zolea samadi."

Ifan alinusa, akakunja uso. Mared akampa mkate na siagi. Alitafuna polepole, akitafuta kasoro, asiione. Akatazama ndama kwa muda mrefu. Naye Ifan nyumbani kwake alikuwa akilala peke yake.

"Mlango uliupanua kiasi gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Na tangu siku hiyo nyumba za Cwm Brwyn zikajengwa ndefu, watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, paa moja. Siku hizi watu wamehamia mijini na mabomba ya moshi yamepoa. Lakini ukiingia utaona ukuta wa katikati unaishia kifuani, ili aliye upande huu amsikie anayepumua upande ule.