Saini Yenye Mikia Mitatu

Nandonde, mwenyekiti wa ushirika wa korosho aliyekuwa akigombea tena, hakuwa na desturi ya kupiga hodi. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa Somoe, karani wa uchaguzi, akamkuta akilinganisha saini za bahasha arobaini za kura za mapema na saini za daftari la wanachama. Bahasha zilitoka bondeni, na bondeni hawakumtaka Nandonde.

"Hizi saini au nyayo za kuku? Tupa zote!"

"Ni wazee, Mwenyekiti. Mikono inatetemeka."

"Saini isiyofanana na ya daftarini, tupa!"

"Sawa, baba. Ila mimi mdogo, watanizomea. Niandikie amri: saini yoyote, ya mtu yeyote."

Nandonde aliandika kwa madaha, akatia saini yake yenye mikia mitatu. Somoe akaibandika amri mlangoni, watu wakajaa kuisoma. Kisha akachukua fomu ya Nandonde ya kugombea, yenye mikia ile ile mitatu, akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Kwenye jina la Nandonde palikuwa na dole gumba la wino.

"Siku unajiunga, baba, kalamu ulikuwa hujaijua. Nianze kutupa ipi?"

Nandonde aliibandua amri yake mwenyewe, watu wakimtazama. Bahasha arobaini zikahesabiwa. Humo hakuambulia hata kura moja.